Utangamano hupimwa kwa ufunguo wa jirani, si kwa hotuba za jukwaani

KUNA swali moja jepesi linaloweza kumfunulia Mkenya yeyote hali halisi ya utangamano katika mtaa anakoishi. Swali lenyewe ni hili: Ukilazimika kusafiri usiku wa leo, ufunguo wa nyumba yako utamwachia nani?

Huenda msomaji akajibu upesi kwamba atamwachia ndugu yake. Lakini ndugu huyo yuko Kitui au Kakamega, ilhali wewe umepanga chumba Kayole, Kisauni au Langas. Aliye karibu ni mpangaji wa mlango wa pili. Huyo huzungumza na mamake kwa simu katika lugha usiyoielewa, huenda ibadani siku tofauti na yako, na pengine humpigia kura mwanasiasa ambaye wewe hutaki hata kumsikia redioni. Ukimkabidhi ufunguo bila kusita, utangamano upo mtaani mwenu. Ukisita, inafaa ujiulize ni jambo gani hasa linalokusitisha: ni tabia yake uliyoiona kwa macho yako, au ni jina lake?

Aghalabu neno ‘utangamano’ husikika katika sherehe za kitaifa na katika mikutano ya amani inayoandaliwa uchaguzi mkuu unapobisha hodi. Hata hivyo, mahali pake hasa ni katika ploti, sokoni, shuleni, afisini na matangani. Makala haya yananuia kueleza jinsi Wakenya wa asili mbalimbali wanavyouonja utangamano huo katika maisha ya kila siku, kwa nini wengine huuonja mtamu na wengine mchungu, na ni mambo gani yanayoweza kuukuza.

Gundi na daraja

Wataalamu wa sayansi ya jamii huueleza utangamano kwa mambo matatu. La kwanza ni kuaminiana, yaani kuamini kwamba mtu usiyemjua sana hatakudhuru. La pili ni kujihisi mwenyeji, yaani kujua kwamba hapa ulipo ni pako na hakuna atakayekuuliza umefuata nini. La tatu ni utayari wa kujitolea kwa manufaa ya wote, hata pale faida inapomwendea mtu asiyekuwa wa ukoo wako.

Aidha, utangamano una pande mbili. Upo ule wa raia kwa raia, na upo ule wa raia kwa serikali yake. Mtu anaweza kupendwa na majirani zake wote, ilhali kila anapofika katika afisi ya umma anatazamwa kama mgeni. Mtu wa namna hiyo huishi kwa utangamano nusu.

Ni muhimu pia kutofautisha utangamano na ukimya. Mtaa unaweza kuwa mtulivu kwa sababu wakazi wanaaminiana. Unaweza pia kuwa mtulivu kwa sababu kila mmoja anamwogopa mwenzake na amefunga mlango. Kwa mpita njia, mitaa hiyo miwili hufanana. Tofauti hujitokeza siku ya dhiki.

Msomi wa Marekani, Robert Putnam, katika kitabu chake Bowling Alone kilichochapishwa mwaka 2000, alieneza tofauti iliyopo kati ya mahusiano yanayowafungamanisha watu wanaofanana na yale yanayowaunganisha wasiofanana. Kwa lugha ya nyumbani, tunaweza kuyaita ya kwanza gundi na ya pili daraja. Chama cha watu waliotoka kijiji kimoja, wanaochangishana Nairobi ili kumsafirisha marehemu wao hadi nyumbani, ni gundi. Chama cha akina mama wa ploti moja, wanaopeana pesa kwa zamu ili kulipa karo au kununua mtungi wa gesi, ni daraja.

Gundi si kitu kibaya. Bila gundi, mgeni anayewasili jijini hangepata pa kulala usiku wa kwanza. Tatizo huzuka pale jamii inapokuwa na gundi tele na madaraja machache. Hapo kila kundi hushikamana ndani, na baina ya makundi hubaki pengo ambalo mwanasiasa mjanja hulipanua apendavyo.

Kuta zilizojengwa zamani

Pengo hilo halikujichimba lenyewe. Serikali ya kikoloni iliwagawia Waafrika maeneo ya hifadhi kulingana na kabila, kisha ikadhibiti mienendo yao kwa kipande ambacho kila mwanamume alilazimika kukibeba. Nairobi yenyewe iligawanywa kwa rangi: Wazungu wakaishi upande wa vilimani, Waasia wakapewa sehemu kama vile Parklands na Ngara, nao Waafrika wakasongamana katika mitaa ya mashariki.

Kisiasa, vyama vya Waafrika vya nchi nzima vilipigwa marufuku wakati wa hali ya hatari. Serikali ilipolegeza kamba mwaka 1955, iliruhusu vyama vya wilaya pekee. Kwa kuwa mipaka ya wilaya nyingi ilifuata mipaka ya makabila, siasa zetu zilijifunza kutembea zikiwa zimevalia nguo za kabila. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mazoea hayo hayakuondoka na mkoloni.

Matokeo yake tumeyaona. Kulikuwa na mapigano katika Bonde la Ufa kabla na baada ya uchaguzi wa 1992, kisha ghasia za Likoni mnamo Agosti 1997. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi nusura isambaratike. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilinakili vifo vya watu 1,133, na mamia ya maelfu ya wengine wakahama makwao. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Februari 28, 2008.

Takwimu hizo hazionyeshi jambo moja ambalo walioishi siku hizo hawawezi kulisahau. Wengi walioshambuliwa hawakushambuliwa na wageni. Walikuwa wamechota maji katika kisima kimoja na washambuliaji wao. Kadhalika, wengi waliookoka waliokolewa na majirani wa kabila ‘adui’ waliowaficha darini, ndani ya maghala au chini ya vitanda. Ujirani ule ule ulizaa msaliti na mwokozi. Je, ni nini kilichotofautisha wawili hao? Kabla ya kujibu, tutazame kwanza jinsi hali ilivyo katika siku za kawaida.

Wewe ni wa wapi?

Hili ni swali ambalo Mkenya huulizwa mara nyingi kuliko anavyoulizwa umri wake. Kwa mtu wa jamii kubwa katika eneo alipo, swali hili ni salamu tu. Analijibu akicheka, na mazungumzo yanaendelea. Kwa aliye peke yake, swali lilo hilo ni mtihani. Anajua kwamba jibu lake linaweza kubadilisha bei ya kodi, kasi ya huduma au sauti ya anayemhoji.

Mpangaji anayetafuta nyumba hulijua jambo hili vyema. Kwenye simu, chumba kipo. Akitaja majina yake mawili, landilodi hukumbuka ghafla kwamba kuna mtu aliyekwisha kulipa amana. Hakuna tusi lililotamkwa, na hakuna ushahidi unaoweza kupelekwa kwa chifu. Mtu huyo huondoka akiwa na hisia ambayo hawezi kuithibitisha wala kuisahau. Baada ya ghasia za 2008, katika baadhi ya vijiji vya mitaa ya mabanda kama vile Mathare, wakazi walihama na kujipanga upya kwa misingi ya kabila. Hawakufanya hivyo kwa chuki wote. Wengi walitaka tu kulala usingizi.

Katika Pwani, swali hilo huvaa sura nyingine. Huko kuna ‘watu wa Pwani’ na ‘watu wa bara’, ingawa wote hununua mkate katika duka moja na kuzungumza Kiswahili. Nyuma ya maneno hayo kuna historia ndefu ya ardhi. Familia nyingi za Mijikenda zimeishi kwa vizazi kama maskwota katika mashamba ambayo hati zake zimeshikwa na watu wasiowahi kulima hapo. Mtu wa bara aliyenunua ploti yake kwa jasho hujiona amefuata sheria. Mwenyeji asiye na hati hujiona ameporwa mara ya pili. Wote wawili wana ukweli wao, na hakuna wimbo wa umoja utakaowapatanisha maadamu suala la ardhi halijatatuliwa. Utangamano usioandamana na haki ni sawa na rangi iliyopakwa juu ya ukuta wenye ufa.

Dirishani pa kitambulisho

Wapo Wakenya ambao kwao utangamano hukwama katika dirisha la afisa wa usajili. Kijana wa Nyeri au Siaya anapofikisha miaka 18, huenda na stakabadhi zake, huchukuliwa alama za vidole na kungoja. Kijana Mnubi wa Kibera, au Msomali wa Garissa, kwa miaka mingi alilazimika kupita pia mbele ya kamati ya kumchunguza, akaulizwa maswali kuhusu babu na nyanya yake.

Wanubi walifika Kenya kama askari wa jeshi la Waingereza waliotokana na Sudan, na wakapewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe la mtaa huo linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Ilichukua hadi mwaka 2017 kwa jamii hiyo kupewa hatimiliki ya ekari 288 za ardhi. Mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa mahali pamoja kwa vizazi vinne, na bado akaonekana mpitaji.

Wamakonde nao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani. Mnamo Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, na baadaye mwaka huo wakaanza kupewa vitambulisho. Mwaka 2017, Wakenya wa asili ya Kiasia walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya 44 nchini. Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kueneza dini, walitangaziwa uraia mnamo Desemba 2020, nao Wapemba wa Pwani wakatambuliwa mwaka 2023.

Kwa aliyezaliwa na kitambulisho kikimngoja, kadi hiyo ni kitu cha kawaida kinachokunjwa mfukoni. Kwa aliyeikosa, ni laini ya simu asiyoweza kusajili kwa jina lake, ni akaunti ya benki asiyoweza kufungua, na ni askari anayemsimamisha barabarani jioni. Mnamo Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir kwamba uchunguzi wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani unaondolewa. Kipimo cha tangazo kama hilo ni jinsi kijana anavyopokelewa siku atakapofika dirishani.

Afisini na matangani

Kazini, utangamano hupimwa kwa lugha. Wafanyakazi sita wanakunywa chai, watano kati yao wa jamii moja. Mmoja anaanza kusimulia kwa lugha ya mama, wenzake wanne wanacheka, na wa sita anatazama kikombe chake. Wale watano hawakukusudia ubaya wowote. Hata hivyo, yule wa sita amejifunza jambo kuhusu nafasi yake katika afisi hiyo, na kesho atakunywa chai yake mezani peke yake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha saba, imekitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kiswahili hakina kabila kubwa linaloweza kukitumia kuwatisha wengine, na Mkenya asiyefika darasa la nane anaweza kujieleza nacho bila haya. Kukitumia mbele ya mwenzako asiyejua lugha yako ni adabu, sawa na kumsogezea kiti mgeni.

Sheria pia imeingilia suala la ajira. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyounda tume ya NCIC, inakataza taasisi yoyote ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kwanza zipewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti husika. Anayepatikana na hatia ya kueneza matamshi ya chuki anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh1 milioni, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili.

Sheria hizo ni nzuri, lakini zina mipaka yake. Zinaweza kumlazimisha mwajiri akuajiri, ila haziwezi kuwalazimisha wenzako wakualike harusini.

Kwa hakika, ni katika harusi na misiba ambapo utangamano hufika jikoni. Ndoa za makabila tofauti zimekuwapo tangu jadi, na miji imezizidisha. Mtoto wa ndoa hizo hujifunza mapema kusalimia nyanya wawili kwa lugha mbili na kula ugali kwa mboga za pande zote. Lakini msimu wa uchaguzi unapowadia, ni mtoto huyo huyo anayeulizwa, “Wewe uko upande gani?” Mwaka 2008 baadhi ya ndoa hizo zilivunjika kwa shinikizo la jamaa. Nyingine zilistahimili, na hadi leo ni ukumbusho kwa koo mbili kwamba zina wajukuu wa pamoja.

Msibani, nako, kuna jambo ambalo hutokea kila wiki bila kuandikwa gazetini. Mpangaji anapofiwa, majirani wa kila kabila huketi kwake jioni, hupika chai na kupitisha daftari la michango. Siku ya mazishi, wachache miongoni mwao hupanda basi usiku kucha hadi kijiji wasichokijua, wakasimama kando ya kaburi na kufuata mila wasizozielewa. Wakirejea mjini, wao si majirani tu tena. Wameona alikotoka mwenzao.

Kukutana pekee hakutoshi

Tukirejelea swali letu la awali, kwa nini ujirani mmoja huzaa mwokozi na mwingine msaliti? Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alilishughulikia suala hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1954. Alieleza kuwa kukutana kwa watu wa makundi tofauti hupunguza chuki iwapo masharti manne yatatimizwa. Sharti la kwanza ni kwamba wakutane kama watu wa hadhi sawa. La pili, wawe na lengo moja. La tatu, washirikiane kulifikia badala ya kushindania. La nne, wenye mamlaka wauunge mkono ushirikiano wao.

Tuyatumie masharti hayo kupima maisha yetu. Bwanyenye na mlinzi wake wa langoni hukutana kila asubuhi, lakini hawana hadhi sawa. Wachuuzi wawili wanaogombea kona moja wana hadhi sawa, lakini wanashindana. Wanafunzi wa shule ya kitaifa, waliotoka kila pembe ya nchi, huvaa sare moja, hula maharagwe yale yale na kuingia katika mtihani mmoja. Si ajabu kwamba urafiki wa shule hizo hudumu hadi uzeeni. Inasikitisha tu kwamba watoto wengi husomea karibu na kwao, na huenda wakamaliza masomo bila kuketi dawati moja na mtu wa jamii nyingine.

Wajir inatupa mfano unaostahili kukumbukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mapigano ya koo yalipenya hadi sokoni, na mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza kuuza wala kununua kwa mwanamke wa ukoo mwingine. Kikundi cha wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, kilianza kuzungumza. Hawakuanza kwa kongamano. Walikubaliana kwanza kwamba soko litakuwa wazi kwa kila mwanamke, wakaunda kamati ya kulichunga na kusuluhisha ugomvi kabla haujafika kwa wanaume wenye bunduki. Kutoka sokoni waliwaendea wazee, vijana na maafisa wa serikali, na mwaka 1993 wazee wa koo wakafikia mapatano yaliyojulikana kama Azimio la Al-Fatah. Kamati za amani zilizoigwa kutoka Wajir zilienea katika wilaya nyingine nchini. Bi Dekha alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, miaka minne kabla ya kufariki.

Tazama jinsi masharti ya Allport yalivyotimia pale. Wachuuzi wote walikuwa na hadhi sawa, walitaka watoto wao wale, waliilinda njia moja ya riziki, na hatimaye wazee na serikali wakawaunga mkono.

Sera za nchi pia zina uzito. Mwanauchumi Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, alilinganisha Busia nchini Kenya na Meatu nchini Tanzania, wilaya mbili za mashambani zenye makabila mchanganyiko. Upande wa Kenya, sehemu zilizokuwa na mchanganyiko mkubwa wa makabila zilichanga pesa kidogo kwa shule zao, na madawati na madarasa yakapungua. Upande wa Tanzania, mchanganyiko haukuwa na athari kama hiyo. Miguel alitaja sababu kuwa sera za kujenga taifa zilizofuatwa Tanzania tangu uhuru: Kiswahili katika shule na serikali, mtaala uliosisitiza utaifa, na mgao wa rasilimali usiofuata ukabila.

Funzo ni kwamba wingi wa makabila si laana. Mzazi wa Busia hakuwa mchoyo kuliko mzazi wa Meatu. Alichokosa ni hakikisho kwamba shilingi yake ikijenga darasa la mtoto wa jirani, shilingi ya jirani nayo itamfaa mwanawe.

Basi la Mandera

Mnamo Desemba 21, 2015, magaidi wa al-Shabaab walilivamia basi lililokuwa likielekea Mandera. Waliwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja uliotangulia, katika shambulio kama hilo, abiria 28 wasiokuwa Waislamu walikuwa wametengwa na kuuawa. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao vitambaa wajifunike, na abiria wakawaambia wauaji kwamba wawaue wote au wawaache wote.

Mwalimu Salah Farah alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki akiendelea na matibabu. Alitunukiwa nishani ya taifa baada ya kifo chake. Kisa hicho kiliigizwa katika filamu fupi ya Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo za Oscar mwaka 2018.

Abiria wale hawakuwa wamehudhuria warsha pamoja. Walikuwa wamepanda basi moja, wakagawana maji na vumbi la barabara moja. Lakini kulikataa agizo la mwenye bunduki hakuamuliwi kwa dakika moja. Mtu huzoea kumwona mwenzake kuwa binadamu katika mambo madogo kwa miaka mingi, na siku ya jambo kubwa mazoea hayo ndiyo yanayomwongoza.

Kizazi kipya

Mnamo Juni 2024 vijana waliojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha walitangaza kwamba hawana kabila. Waligawana maji, wakabebana walipojeruhiwa na kuchangia bili za hospitali za watu wasiowajua. Baadhi yao hawakurudi nyumbani. Mswada huo uliondolewa Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni.

Ulikuwa umoja wa kweli, lakini ni umoja uliochochewa na hasira ya pamoja. Mtihani wake mgumu zaidi haupo barabarani. Upo siku kijana huyo atakapokuwa meneja anayechagua mtu wa kumwajiri, landilodi anayepokea simu ya mpangaji, au mzazi ambaye binti yake amemleta nyumbani mchumba wa jamii nyingine. Hapo ndipo itakapojulikana iwapo ukabila ulizikwa au ulipumzishwa tu.

La kufanya

Mengi yaliyotajwa hapa yako mikononi mwa serikali: ardhi, vitambulisho, ajira na mgao wa rasilimali. Mwananchi ana haki ya kuyadai bila kuchoka. Hata hivyo, yapo yasiyohitaji bajeti.

Kwanza, jiunge na angalau kikundi kimoja ambacho wanachama wake si wa kwenu pekee, kiwe chama, timu ya kandanda au kamati ya wazazi. Pili, badilisha lugha mara tu asiyeielewa anapoketi. Tatu, mwenzako anapoulizwa “wewe ni wa wapi” kwa nia mbaya, usinyamaze. Ukimya wa walio wengi ndio unaomfanya mmoja ajione mgeni. Nne, hudhuria msiba wa jirani, hata kama hujui nyimbo zao. Tano, usisambaze kwenye simu ujumbe unaotukana jamii fulani kwa kisingizio kwamba ni mzaha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Uchaguzi mkuu huja kila baada ya miaka mitano, na kila mara hutupata pale tulipojiacha. Nyakati za utulivu ndizo za kujenga madaraja, kwa kuwa mto ukishafurika hakuna awezaye kusimika nguzo.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, jioni ya leo utakapofika nyumbani, tazama mlango ulio mkabala na wako. Iwapo humjui jina aishiye mle, bisha hodi umsalimie. Huenda isiwe leo wala kesho, lakini siku moja utahitaji mtu wa kumwachia ufunguo. Naye pia.